Malazi ya Ng'ambo

Mgeni akishuka Ifakara, awe amekuja kwa treni ya TAZARA ambayo aghalabu humtua usiku, au awe amekuja kwa basi la Morogoro lililopita Mikumi, likakatiza mashamba ya miwa ya Kidatu na kuandama miguu ya milima ya Udzungwa mpaka bondeni, neno analoulizwa mara baada ya salamu si ametoka wapi wala amefuata nini, bali ni hili: "Umefikia wapi?" Wenye haraka hulidhania swali hilo kuwa ni jamala tu, mfano wa kuulizana habari za nyumbani, lakini sisi tuliozaliwa katika bonde la Kilombero tunajua kwamba ni swali zito, kwa kuwa jibu lake humweleza muulizaji mambo mengi kwa mara moja: kama mgeni yule ataamshwa na adhana au na kengele ya misheni, kama atalala salama siku mto Lumemo utakapofurika, kama majirani zake watakuwa wafanyabiashara wa mchele, watumishi wa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko au madereva wa malori, na kama mbu watakaomzuru usiku watakuwa wachache au jeshi zima.

Kuchagua pa kulala ni elimu tunayorithishana. Masika yaingiapo, nao mto Kilombero ukatapakaa mbugani mpaka mtu asijue tena ukingo ni upi na shamba ni lipi, jamaa wengi huziacha nyumba zao za mjini wakahamia mashambani kuulinda mpunga, na huko hujenga dungu, yaani kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili ubavu wa mtu uwe juu ya maji na jicho lake liwe juu ya mpunga, akifukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Marehemu baba yangu, kabla ya kukata nguzo ya kwanza, alikuwa akilizunguka shamba zima kwa miguu, akiuepuka udongo mweusi ule unaopasuka kiangazi, kwani alisema kwamba penye nyufa za kiangazi ndipo maji yatakapolala masika. Na akiisha kupaona mahali panapomridhi, hujilaza pale pale juu ya ardhi tupu kwa muda wa pumzi chache, asikilize upepo unatoka wapi. Nilipokuwa mtoto sikuufahamu muradi wake. Nilikuja kuufahamu Ulaya, nikiwa na miaka 66.

Safari ninayoisimulia ni ya siku 11 katika mji wa Basel, nchini Uswisi, na sehemu kubwa ya safari hiyo ilikuwa ni kutafuta malazi. Nimeuandika mji huo badala ya mwingine wowote si kwa bahati tu. Baina ya Ifakara na Basel pana uhusiano wa zamani ambao, ukiutazama vizuri, umesimama juu ya vitanda vyetu. Mwaka 1949 alifika bondeni kwetu bwana mmoja, Rudolf Geigy, mtaalamu wa elimu ya wanyama, aliyekuwa ameongoza kuasisiwa kwa Taasisi ya Magonjwa ya Nchi za Joto ya Uswisi mwaka 1943. Akawakuta mapadre Wakapuchini wa nchini mwake wakiwa na misheni na hospitali Ifakara, akaipenda nchi na maswali yake, na mwaka 1957 akaanzisha maabara ndogo ambayo leo, baada ya kubadili jina mara kadhaa, ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara inayosifika duniani kwa utafiti wa malaria. Miongoni mwa wadudu alioshughulika nao Geigy ni papasi, na papasi ni mdudu wa malazi: mchana hujificha katika nyufa za sakafu ya udongo, na usiku humtambalia mtu aliyelala mkekani, akamnyonya damu na kurudi ufani mwake kabla hakujapambazuka, akiwa amemwachia homa inayokwenda na kurudi. Baada ya papasi wakafuata mbu, ambao nao kazi yao kubwa huifanya sisi tukiwa usingizini. Na wenye umri wangu wanakumbuka chandarua cha Zuia Mbu, kilichoanza kuuzwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga kwa mradi ulioanza mwaka 1996.

Fauka ya hayo, ilikuwa Basel, mwaka 1939, ambako Paul Müller aligundua kwamba DDT huua wadudu, dawa iliyokuja kupuliziwa kuta za vyumba vya kulala katika nchi nyingi za joto. Na ni kampuni ya Basel iliyotutolea dawa mseto tunayoimeza leo tukiugua malaria. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 70 watu wa mji ule wamekuwa wakichungulia, kwa elimu na kwa ihsani, mahali tunapolaza vichwa vyetu: wamepima nyufa zetu, wamehesabu mbu chini ya mapaa yetu, wameuliza tunapanda kitandani saa ngapi na tunaamka saa ngapi. Sikuwahi kumsikia mtu wa Ifakara akisimulia wao wenyewe hulala wapi. Shauku hiyo ilikuwa moyoni mwangu siku nyingi, na sioni haya kuitaja.

Sababu ya safari ilikuwa binti yangu, aliyekuwa akimaliza shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Basel, chuo kilichoanzishwa mwaka 1460. Alitaka niwepo siku ya kuitetea tasnifu yake, na ndugu na jamaa wakachanga, nami nikauza mpunga wa msimu mzima. Yeye mwenyewe alikuwa na chumba kimoja cha wanafunzi ambacho hakikumtosha baba mzima na sajada yake. Na kwa kuwa mwombaji wa viza hutakiwa kuonyesha karatasi ya malazi, ilinibidi nichague mtaa katika mji nisioujua, nikiwa nimekaa barazani kwangu Mlabani huku kuku wakidonoa chenga za mchele miguuni pangu.

Binti aliniletea ramani kwa simu, na kwa juma zima niliisoma kama nilivyokuwa nikisoma madaftari ya wanafunzi. Mji wa Basel umekaa katika pindo la mto Rhine, mahali ambapo mto unaotoka mashariki hugeuka ghafla kwenda kaskazini, na mipaka ya Uswisi, Ufaransa na Ujerumani ikakutana. Upande wa kushoto wa mto ndiko kuliko Grossbasel, Basel Kubwa, penye kanisa kuu la mawe mekundu, manispaa, chuo na stesheni kubwa. Upande wa kulia ni Kleinbasel, Basel Ndogo. Nilizitia alama sehemu tano. Jirani na stesheni, kwa wepesi wa safari. Nyuma ya stesheni, katika mtaa wa Gundeldingen, ambao wenyewe kwa mapenzi huuita Gundeli, kwa unafuu wa bei. Huko St. Alban, mtaa wa kale na wa utulivu kando ya maji, penye kinu cha karatasi cha zamani ambacho sasa ni makumbusho. Karibu na uwanja wa maonyesho, Messeplatz, penye mahoteli marefu. Na Missionsstrasse, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Kabla sijaamua nilikwenda kumwamkia mzee mmoja ambaye ujanani alikuwa mtumishi wa maabara, kazi yake kukusanya papasi vijijini, na ambaye Waswisi waliwahi kumpeleka kwao zamani hizo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Nasikia unakwenda kwa akina daktari."

"Naam, Mzee. Nimekuja kutafuta nasaha. Nifikie wapi?"

Akanyamaza kitambo, akivuta kumbukumbu. "Ng'ambo," akasema. "Mto wao una pande mbili kama wetu. Upande mmoja wamejenga kanisa jekundu, na wakubwa wanakaa huko. Upande wa pili ndiko nilikowaona watu wamekaa nje jioni."

Sikuifuata nasaha yake. Mazoea ya nyumbani yalinishinda: sisi wa njia ya TAZARA tumezoea kwamba mwenye kusafiri hulala karibu na stesheni, kwa kuwa treni haina saa yake, na mtu aliyefikia mbali huweza kupigiwa honi akiwa kitandani. Nikachagua hoteli ya karibu na stesheni kubwa, nikapata karatasi, nikapata viza.

Nilifika mwezi wa Julai, kwa treni kutoka uwanja wa ndege wa Zurich, mwendo wa saa moja na robo hivi. Hoteli ilikuwa safi, kitanda kizuri, watumishi wenye adabu, wala sina la kuilaumu. Lakini mtaa wa stesheni ni mtaa wa watu wanaopita. Mchana ulijaa watu waliobeba mikoba, wakitembea upesi kuuelekea mnara wa Benki ya Malipo ya Kimataifa, taasisi iliyoundwa mwaka 1930 na ambayo benki kuu za dunia huitumia kama benki yao, au kwenda ofisi nyingine kama hizo. Na jioni, wenye mikoba walipokwisha kurudi makwao kwa treni, madirisha yote yakazimwa, nami nikawa peke yangu na milio ya tramu. Nilikaa dirishani mpaka saa nne usiku. Niliwaona watu wengi, na hapakuwa hata mmoja aliyesimama. Siku ya pili nilitembea nusu saa kutafuta chakula cha halali na sikukipata. Haki ya mtaa huo niiseme pia: siku ya Jumapili, maduka karibu yote ya mji yanapofungwa, ya stesheni huwa wazi, na kwa msafiri wa usiku mmoja, mwenye treni ya alfajiri, hapana mahali pafaapo zaidi. Mimi sikuwa msafiri wa usiku mmoja.

Siku ya tatu nilimwambia binti yangu, "Mama, nihamishe. Nataka kukaa ng'ambo."

Akacheka, akasema, "Baba, Mzee alikwambia."

Tukapanda tramu ya kijani namba 8, ambayo hutoka stesheni, ikapita soko la kale, ikavuka Mittlere Brücke, yaani Daraja la Kati, na kuendelea mpaka mji wa Weil am Rhein, ambao ni Ujerumani, bila ya mtu kushuka kuonyesha pasi. Daraja la kwanza mahali pale lilijengwa mwaka 1226, na hili la sasa, la mawe, ni la mwaka 1905. Urefu wake yapata mita 192. Nilipoambiwa hesabu hiyo nilikumbuka kwamba Daraja la Magufuli, juu ya mto wetu, lililofunguliwa mwaka 2018, lina mita 384, yaani mara mbili ya lile. Na nikakumbuka miaka yote ya pantoni, foleni ya malori pale Kivukoni, wagonjwa wa Ulanga waliokuwa wakingoja ng'ambo ili waletwe hospitali ya Ifakara. Watu wa Basel wamevuka kwa miguu mikavu kwa miaka 800, nasi bado hatujatimiza hata muongo mmoja. Nilishuka upande wa pili nikiwa na donge kooni.

Hapo, nyuma ya jengo la Kaserne, ambalo lilikuwa kambi ya askari na sasa ni nyumba ya sanaa na tafrija, nilipata chumba kidogo ghorofa ya tatu, kwa bei iliyo chini ya ile ya stesheni. Sakafu yake ya mbao ililia kila nilipokwenda kutawadha, na dirisha lilitazama ua wenye baiskeli nyingi na nguo zilizoanikwa. Alfajiri nilisikia mlango wa duka la mkate ukivutwa juu, kisha sauti ya mwanamke akimwita mtoto kwa Kituruki. Mtaa wa ng'ambo ndio waliokaa wafanyakazi wa viwanda tangu zamani, na ndiko wanakokaa wageni leo: Waturuki, Watamili, Waeritrea, Waalbania, na Waswisi wenyewe ambao hawataki kukaa kwingine. Nilipata nyama ya halali hatua 60 kutoka mlangoni. Nilipata bamia na mihogo kwa Mtamili mmoja ambaye, aliponiona nikiuvunja ncha muhogo na kuunusa, alijua kwamba nimezoea kununua muhogo, akaniletea mwingine kutoka nyuma.

Msomaji wa Unguja atakuwa amekwisha kufahamu. Kama ilivyokuwa Mji Mkongwe na Ng'ambo, upande wa mawe na upande wa watu wa kazi, baina yao hori ya maji, ndivyo ilivyo Basel Kubwa na Basel Ndogo. Na dharau za kale bado zina alama zake. Basel Kubwa iliinunua ng'ambo yake mwaka 1392. Upande wa Basel Kubwa, karibu na daraja, kilitundikwa kichwa cha mfalme mwenye kuutoa ulimi kuelekea ng'ambo. Na watu wa ng'ambo wana siku yao ya sherehe kila Januari, iitwayo Vogel Gryff, ambapo watu watatu waliovaa mfano wa ndege mwenye mwili wa simba, wa mtu wa mwituni na wa simba hucheza mpaka katikati ya daraja, na katika kucheza kwao kote hawaielekezei Basel Kubwa nyuso zao, bali migongo. Mwenyeji wangu alinieleza habari hii kwa fahari iliyonipendeza sana, akanionyesha kwa mabega yake namna mgongo unavyogeuzwa.

Jua la jioni huiangaza ng'ambo. Hilo ndilo alilokuwa amelikumbuka mzee wetu kwa miaka yote hiyo: ukingo wa kulia umeelekea machweo, ilhali ule wa kushoto, wenye majumba ya fahari, umeingia kivulini, na kwa hiyo kazi zikiisha, watu wa mji mzima huvuka na kukaa juu ya ngazi za mawe zinazoshuka mpaka majini. Nami nilikaa nao kila jioni. Hapo nikaona jambo lililonitia hofu kwanza. Wanaume na wanawake, wazee kwa vijana, walishuka mtoni kila mmoja akiwa na mfuko wa rangi kali wenye umbo la samaki. Wakavua nguo zao na viatu, wakazitia humo pamoja na simu na funguo, wakaukunja mdomo wa mfuko mara saba na kuufunga, kisha wakajitupa mtoni na kuuacha mkondo uwachukue, huku wameukumbatia samaki wao kama boya, mpaka chini huko karibu na nyumbani, ambako walitoka, wakajifuta, wakavaa na kwenda zao. Mtu alikuwa akirudi kutoka kazini kwa njia ya mto! Sisi wenye mto Kilombero, tuliolelewa kwa kuonywa habari za mamba na viboko, na ambao hatuna kijiji kando ya maji kisicho na jina la mtu aliyechukuliwa, hatuwezi kuliona jambo hilo bila ya kusimama. Nilisimama. Kisha nikakaa, nikamshukuru Mungu kwamba iko mito ya namna hiyo.

Na kivuko chao! Mbele ya Kaserne kuna chombo cha mbao chenye paa, kimoja kati ya vinne vya mji ule, kilichofungwa kwa kamba kwenye waya mrefu uliotandwa kutoka ukingo hadi ukingo juu ya mto. Hakina injini, hakina tanga wala upondo. Nahodha hukigeuza kidogo ubavu kwa usukani na kuihamisha kamba upande mmoja, na maji yenyewe yakakisukuma mpaka ng'ambo; kurudi, huigeuza kamba upande wa pili. Vyombo vya namna hiyo vimekuwapo Basel tangu mwaka 1854. Nilivuka mara 9, nyingine bila ya haja yoyote ila kusikiliza, maana ndani yake hausikiki mlio isipokuwa maji yakipiga mbao. Nahodha mmoja aliniuliza kwa Kiingereza nimetoka wapi, nikamweleza habari ya mitumbwi yetu, jinsi Mndamba anavyosimama nyuma na upondo wake na kuusoma mkondo kwa nyayo. Akasikiliza mpaka tukafika, abiria wakashuka, naye hakufungua mnyororo kwa waliongoja mpaka nilipokwisha kusema.

Jambo moja lililonitaabisha ni nyakati. Julai huko jua huchwa yapata saa tatu na nusu usiku, na adhuhuri haiingii mpaka saa saba na nusu imepita. Nilisali isha wakati ambao Ifakara hata majogoo wamechoka kulala. Lakini nilifarijika kusikia kwamba mpaka mwaka 1798 saa za Basel zilikuwa mbele ya saa za miji jirani kwa saa nzima, ikawa kwao ni saa saba hali kwa wengine ni saa sita, wala hawakuona aibu. Sisi tunaohesabu saa tangu mapambazuko tunaweza kuwaelewa.

Missionsstrasse nilikwenda kwa ziara tu. Ni barabara iliyoanzia penye lango la kale liitwalo Spalentor, na namba 21 ni nyumba ya Misheni ya Basel, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1815. Jengo ni la mwaka 1860, na sehemu yake sasa ni hoteli ndani ya bustani tulivu. Nilitamani kulala pale kwa ajili ya Johann Ludwig Krapf, aliyesomeshwa na misheni hiyo kabla jengo hili halijakuwapo, kisha akafika pwani yetu mwaka 1844, akakaa Rabai, akaandika sarufi ya Kiswahili na kamusi iliyochapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, naye alipita chuo hicho. Mimi niliyefundisha Kiswahili miaka 34 nilisimama langoni nikiwaza kwamba maneno yetu, yakiwa yamepangwa kwa alifabeti ya Kizungu, yalikuwa na shina moja lililoota katika mji ule. Chumba hakikupatikana siku zangu, na sikitiko langu halikudumu, kwa kuwa chakula na ngazi za mto vilikuwa ng'ambo. Kutoka hapo nilitembea mpaka Socinstrasse, namba 57, anwani ambayo wazee wa maabara yetu waliijua kwa kuiona juu ya bahasha miaka na miaka. Taasisi ya Geigy imekwisha kuhamia Allschwil, nje kidogo ya mji, tangu mwaka 2022, na huko ndiko binti yangu alikoitetea kazi yake mbele ya maprofesa. Sitaisimulia siku hiyo. Baba yeyote anaweza kuisimulia mwenyewe.

Kwa atakayekwenda, neno langu ni hili: atazame kalenda kabla ya kutazama ramani. Juni kuna maonyesho makubwa ya sanaa, Art Basel, yanayofanyika tangu mwaka 1970, na siku hizo vyumba hupanda bei kupita kiasi, kama ambavyo Ifakara wakati wa mavuno huwezi kupata gesti kwa wafanyabiashara wa mpunga. Na Jumatatu baada ya Jumatano ya Majivu, saa kumi alfajiri, taa za mji huzimwa, ngoma na filimbi za Fasnacht, kanivali ya mji, zikaanza, na mwenye kutaka usingizi asiende. Kila mgeni wa hoteli hupewa kadi ya kupandia tramu na mabasi bila ya malipo, kwa hiyo umbali wa stesheni, ulionitisha mimi nikiwa barazani, si hoja. Gundeli panafaa kwa mwenye fedha chache na treni za mapema. St. Alban panafaa kwa mwenye kuandika kitabu, au kwa wagonjwa. Messeplatz simshauri mtu asiyekuwa na shughuli ya maonyesho.

Nilirudi Ifakara Agosti, nikampelekea mzee wetu chokoleti ambazo hakuzila, aliwagawia wajukuu, akataka tu nimweleze kama watu bado wanakaa nje. Kiangazi kilichofuata walikuja vijana wawili kutoka Basel, wanafunzi, binti yangu akiwa amewapa namba yangu. Walikuwa wamechagua kwa intaneti nyumba mpya iliyo njia kuu, penye malori. Nikawachukua badala yake mpaka gesti ya zamani ya Viwanja Sitini, yenye mwembe uani na mashine ya kukoboa mpunga ng'ambo ya barabara, mahali ambapo akina mama hupepeta chenga tangu asubuhi na jioni jirani hukaa vibarazani. Tuliingia chumbani. Mmoja wao akainua mkono kukigusa chandarua. Nikamwonyesha namna ya kukichomeka chini ya godoro pande zote nne, kisha tukawasha tochi ya simu na kukikagua shubiri kwa shubiri, mpaka tukaona tundu karibu na mto wa kitanda, ukubwa wake kama punje ya mpunga. Mwenye nyumba akaleta sindano na uzi mweupe.